KARATASI YA MJOMBA: Tulifikaje mpaka mtu wa kawaida akaweza kupinga uamuzi wa mafao ya ulemavu

Leo siongelei chanjo wala uji wa mtoto. Nimeandika kirefu, kwa hiyo nimegawa sehemu sita. Soma ukiwa umetulia, hata kama ni baada ya kulaza watoto.

SEHEMU YA 1: "Sista, hii ndo basi?"

Wiki iliyopita nikiwa natoka zamu, dada mmoja alinisimamisha kwenye korido. Mtoto mgongoni, bahasha ya kaki mkononi. Mume wake aliumia kazini, na barua ya majibu ilikuwa imefika. Kiwango cha ulemavu kilichokubaliwa kilikuwa kidogo sana kuliko hali anayoiona yeye kila siku nyumbani. Akaniuliza, "Sista, hii ndo basi? Wameshaamua?"

Nikamwambia siyo basi. Akaniangalia kama namdanganya.

Simlaumu. Sisi wengi tumelelewa kuamini kwamba karatasi yenye muhuri haijibiwi. Ukiletewa, unashukuru, unakunja, unaweka kwenye begi la nguo chini kabisa. Lakini ile haki ya kurudisha karatasi na kusema "hapana, angalieni tena" haikushuka kutoka mbinguni. Ina historia, na sehemu ya historia hiyo imetokea hapahapa kwetu, kwenye milima hii tunayoiona kila asubuhi tukianika nguo.

SEHEMU YA 2: Kabla ya karatasi

Mimi ni Mluguru wa upande wa Matombo. Kwetu ukoo unafuata kwa mama, na ardhi ya ukoo vilevile. Kaka wa mama yako, yaani mjomba, ndiye mwenye sauti kwenye mambo mazito. Zamani mtu akizaliwa na ulemavu au akivunjika akabaki hivyo, swali lilikuwa moja tu: nani kwenye ukoo atakaa naye? Hakuna aliyeuliza ni asilimia ngapi.

Sitaki kuupamba wakati ule. Wapo waliolelewa vizuri mpaka wakazeeka, na wapo waliofichwa chumba cha nyuma wageni wasiwaone. Ila angalau chakula cha mtu hakikutegemea fomu.

Mambo yalibadilika watu walipoanza kushuka mlimani kutafuta kazi ya mshahara. Mkonge uliletwa nchini na Wajerumani mwaka 1893. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro 1907. Mashamba yakafunguka kandokando ya reli kuelekea Kilosa, na kwenye kila shamba kubwa kulikuwa na korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Wazee waliofanya kazi pale watakwambia: korona haina macho. Jani likivuta mkono, linaenda na mkono.

Sasa sikiliza jambo hili. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, mwaka mmoja tu kabla ya kuanza kuitawala nchi yetu. Yaani mfanyakazi wa kiwandani kule kwao akikatika kidole, palikuwa na utaratibu wa kumlipa. Kibarua wa mkonge huku hakuwekwa kwenye utaratibu ule. Waingereza nao kwao walikuwa na sheria ya fidia tangu 1897. Walipochukua Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ilipita miaka mingi. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini ilikuja kutungwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Sheria ile ndo ilileta jambo jipya kwetu: jedwali. Mwili wa mtu ulipangwa viungo kwa viungo, kila kimoja na asilimia yake. Kidole gumba hivi, kidole kidogo vile, jicho moja hivi. Na anayelipa alikuwa mwajiri mwenyewe au bima yake. Kwa hiyo uliyekuwa unamdai ndiye huyohuyo aliyekuajiri.

SEHEMU YA 3: Matombo 1955, na dole gumba la babu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo mwaka 1955. Kipindi hicho serikali ya mkoloni ilikuwa na mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kuna sehemu udongo wa juu ni mwembamba, ukiuchimba unatoa ule usio na rutuba, mazao yanadumaa. Wanawake ndo waliokuwa wakilima, ndo waliokuwa wakiona chungu kikiwa kitupu. Wakasema. Hawakusikilizwa.

Mwaka huo wa 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo ule mpango ukaachwa.

Kwa nini nakuletea habari ya matuta kwenye habari ya ulemavu? Kwa sababu nataka uone ilivyokuwa gharama kupinga uamuzi wa serikali wakati hakuna mahali pa kupeleka karatasi. Hakukuwa na fomu ya malalamiko, wala siku ya mwisho ya kukata rufaa, wala ofisi iliyolazimika kukujibu. Watu walipeleka miili yao. Ndiyo maana mtu akiniambia "kuandika barua ni kujisumbua tu", huwa namkumbuka bibi akisimulia milio ya bunduki ilivyorudi kutoka bondeni.

Sasa babu. Alishuka mlimani miaka ya 1960 kwenda kwenye mkonge. Shamba lenyewe silitaji. Korona ikamla vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alitibiwa, akaitwa ofisini, akahesabiwa hela, akapewa karatasi ya Kiingereza na kidau cha wino. Akaweka dole gumba. Mpaka anafariki hakujua karatasi ile ilisema nini. Bibi alipomuuliza, "Wamekupa kwa hesabu gani?" alijibu, "Mke wangu, wenye hesabu ni wao."

Hilo jibu limekaa kwenye familia yetu miaka yote.

Na sheria ile iliishi sana, dada yangu. Viwango vyake viliandikwa kwa shilingi, na shilingi inazeeka. Ilifika wakati kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu ni shilingi 108,000. Mtu amepoteza uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote, anapewa hela isiyomaliza hata gharama za kukaa hospitali. Nenda ukawaulize wazee wa viwanda vya Morogoro, wa nguo, wa tumbaku, wa ngozi, watakwambia.

SEHEMU YA 4: Jinsi milango ilivyofunguka

Twende haraka kidogo hapa, ila usiruke, maana ndipo utajua familia yako iko mlango gani.

Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, wengi wanaukumbuka kwa jina la NPF. Ilikuwa akiba: ukishindwa kufanya kazi unachukua chako. Mwaka 1997 ilitungwa sheria ya NSSF, na hapo ikaja pensheni ya ulemavu kwa mwanachama. Watumishi wa umma leo wako PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 baada ya mifuko minne kuunganishwa.

Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga sheria mbili, moja ya ajira kwa wenye ulemavu na nyingine ya matunzo yao. Ile ya matunzo bado ilitupa mzigo mkubwa familia, yaani tulirudi kulekule kwenye ukoo, ila sasa kwa karatasi.

Wenye ulemavu wenyewe hawakukaa kimya. Vyama vyao viliungana kwenye shirikisho la SHIVYAWATA mwaka 1992. Sera ya Taifa ya ulemavu ikatoka 2004. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Angalia maneno yalivyobadilika. Zamani sheria iliongelea kuwatunza. Hii inaongelea haki zao. Kitu cha kutunzwa unaomba, haki unadai.

Halafu kuna ile sheria kongwe ya fidia. Mwaka 2008 ilitungwa mpya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Hapa mambo mawili makubwa yalibadilika. Kwanza, hela inatoka kwenye mfuko unaochangiwa na waajiri wote, mfanyakazi hakatwi hata senti. Hudaiani tena uso kwa uso na bosi wako. Pili, malipo yanahesabiwa kwa mshahara wa mtu, siyo kwa shilingi zilizogandishwa miaka hiyo. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana asilimia ile kwenye barua siyo namba ya kupita tu. Tofauti ya pointi chache inaweza kuwa tofauti ya hela ya mara moja na hela ya kila mwezi.

Na kuna TASAF, ulioanza mwaka 2000, na mpango wake wa kaya maskini ulioanza 2012. Huu hauangalii kama uliajiriwa, unaangalia hali ya kaya.

Niseme ukweli ambao wengi hamuupendi: Tanzania Bara hatuna malipo ya kila mwezi kwa kila mtu mwenye ulemavu. Majirani zetu Kenya wana mpango wa fedha kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Zanzibar tangu 2016 wanawalipa pensheni wazee wote waliofika miaka 70. Sisi Bara tuna milango mitatu minne, na kila mlango una masharti yake. Fundi aliyejiajiri akianguka kwenye paa, mlango wa WCF haumhusu. Mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, mlango wake ni ustawi wa jamii na TASAF kama kaya inastahili. Kwa hiyo kabla hujapinga uamuzi, hakikisha ulibisha mlango wako.

SEHEMU YA 5: Karatasi ya mjomba

Sasa nifike kwa mjomba wangu, mtoto wa yule babu.

Miaka michache iliyopita mashine ya kiwandani ilimbana mkono wa kulia. Kiwanda sikitaji, na ofisi iliyoshughulikia madai siitaji pia, kwa sababu utaona kosa halikuwa kwao. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikafunga vizuri, vidole vyote vitano vipo. Ila mkono haufungi. Hawezi kushika kijiko vizuri, achilia mbali panga.

Majibu yakaja: ulemavu kidogo, "anaweza kufanya kazi nyepesi".

Aliisoma akiwa ameketi barazani kwa bibi, Matombo. Kiwanda hakikuwa na nafasi yake tena, akawa amerudi mlimani kwenye migomba na mdalasini. Akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe umesoma. Kazi nyepesi ya huku ni ipi?"

Nilikosa jibu. Nyie mnaojua Uluguru mnajua. Kwenda shambani ni kupanda. Kurudi na mkungu ni kushuka na mzigo. Maji ni bondeni. Hakuna kazi nyepesi kwenye mteremko kwa mtu asiyeweza kukunja mkono kwenye mpini.

Ukoo ukakaa kikao. Mama alitaka tupinge. Mjomba mkubwa akasema, "Acheni, mkipinga watachukua na hicho kidogo." Mjomba mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Binti yake alikuwa anaingia kidato cha kwanza mwaka ule. Bibi ndiye aliyemaliza kikao. Alisema, "Baba yake aliweka dole gumba bila kujua karatasi inasema nini. Huyu anajua kusoma. Na asome basi."

Nikaenda kuomba nakala ya faili lake hospitali alikotibiwa. Nikakaa kwenye benchi nikasoma taarifa ya daktari iliyokwenda kwenye madai. Moyo ukaniuma. Iliandikwa kifupi: upasuaji umefanikiwa, kidonda kimepona, hakuna maambukizi, vidole vyote vipo. Kila neno lilikuwa kweli. Lakini hakuna popote palipoandikwa kwamba mkono haufungi.

Dada zangu, hili ndilo jambo nililotaka mlibebe leo. Sisi watu wa hospitali tumefundishwa kuandika kama mgonjwa amepona. Ofisi ya mafao inauliza swali lingine: huyu mtu sasa anaweza nini na hawezi nini? Kidonda kupona na uwezo kurudi ni vitu viwili tofauti. Ofisi iliamua kwa kile ilichoandikiwa. Na mimi nilijiuliza, ni fomu ngapi za namna ile zimepita mikononi mwangu zamu ya usiku, nikazipanga tu kwenye faili bila kusema "daktari, hapa hatujaandika uwezo"?

Tulirudi kliniki. Mtaalamu wa mazoezi tiba alipima mkono vizuri: vidole vinakunja kiasi gani, nguvu ya kushika ni kiasi gani ukilinganisha na mkono wa pili. Daktari bingwa akaandika taarifa mpya kwa vipimo hivyo. Mjomba akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkono wa kushoto, ikamchukua siku mbili. Haikuwa na matusi wala kilio. Ilitaja tarehe ya uamuzi, jambo lililoachwa kwenye taarifa ya kwanza, na kazi alizokuwa akifanya kabla ambazo sasa haziwezi. Akaniandikia na barua ya kuniruhusu nifuatilie kwa niaba yake, mtendaji akagonga muhuri.

Ilichukua miezi. Mara mbili nilikwenda nikaambiwa nirudi. Mjomba alisema tuache, nauli inakwisha. Mwishoni aliitwa kupimwa upya, na kiwango kikapandishwa.

Siwadanganyi, hakutajirika. Binti alichelewa kuripoti shule muhula ule, na ile miezi hairudi. Ila anasoma. Na mjomba ameweka nakala ya barua yake kwenye fremu, pale ambapo wengine wanaweka picha ya harusi.

SEHEMU YA 6: Kama na wewe una bahasha nyumbani

Toa ile barua chini ya begi. Fanya hivi:

1. Andika tarehe uliyoipokea. Kila ofisi ina muda wake wa kupinga, na siku zinahesabiwa. Siku hiyohiyo uliza, kwa maandishi ikiwezekana: mwisho ni lini, na napeleka wapi?

2. Tafuta sababu ya uamuzi. Je, wamesema hustahili kwa sababu ya michango, kwa sababu ajali haikutokea kazini, au kwa sababu ya kiwango cha ulemavu? Kila sababu ina jibu lake. Ukileta picha ya X-ray kujibu swali la michango, hujajibu kitu.

3. Omba nakala ya taarifa ya daktari na uisome. Tafuta kama imeandika uwezo: kutembea, kushika, kuona, kukumbuka, kujihudumia chooni. Kama haimo, rudi kliniki uombe ipimwe. Usituogope. Ukiona tumekunja uso, ni uchovu, endelea kuuliza.

4. Andika daftari la siku saba. Aliamka saa ngapi, nani alimvalisha, alishindwa nini. Wewe unayemhudumia una ushahidi ambao daktari hauoni kwenye dakika kumi za kliniki.

5. Kama unafuatilia kwa niaba ya mtu, beba barua yake ya ruhusa. Kama hawezi kuandika, ongea na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mapema.

6. Ijue ngazi. Kwa WCF unaanza kwa kuomba Mkurugenzi Mkuu aupitie uamuzi upya, kisha Waziri anayehusika na kazi, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kwa TASAF unaanza na kamati ya kijiji au mtaa wako, na mkutano wa hadhara ni mahali halali pa kusimama na kusema "kaya hii imeachwa". Kwa mfuko wa pensheni unaanza na ofisi ya mfuko wenyewe. Usiruke ngazi.

7. Huna hela ya wakili? Tangu 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria, na wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa. Uliza ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii akuelekeze kwa aliye karibu. Kwa anayekuambia "nipe kidogo nikupitishie", kimbia.

Na unaweza kupinga ukashindwa. Hilo lipo. Kuna watu uamuzi wao ulikuwa sahihi kwa sheria ilivyo, hata kama maisha yao ni magumu. Lakini ushindwe ukiwa umesoma.

Yule dada wa korido nilimwambia arudi Alhamisi na barua na faili la mume wake. Amekuja leo. Tulikaa kwenye lile benchi la nje, mtoto amelala, tukasoma ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa pili kuna mstari mmoja unasema "hali yake ni nzuri". Akacheka, halafu akalia, halafu akaniomba peni.

Kesho narudi kwenye mada ya homa za watoto. Wenye bahasha, andikeni hapo chini uko mlango gani. Msiweke majina ya wagonjwa wala namba za madai, tafadhali. Usiku mwema.